Betri ya kilo 13 na kamisheni ya asilimia 15

Mama anayeuza maharagwe jirani na kibanda changu hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, ana mizani ya kutundika, ile yenye uso wa duara, mshale mmoja na ndoano chini yake. Asubuhi moja nilimwomba aniazime kidogo kabla wateja hawajajaa. Nikaifunga betri kwa kamba ya katani, mara mbili kwa urefu na mara moja kwa upana, nikaitundika. Mshale ukachezacheza, ukatulia kwenye 13. Nikaishusha, nikatundika betri nyingine niliyoitoa nyumbani kwa mteja, kuukuu, imechoka, lakini ya kweli. Mshale ukasimama kwenye 30. Juu ya betri zote mbili yameandikwa maneno yaleyale: volti 12, ampea-saa 100, yaani kiasi cha umeme kinachoweza kukaa ndani.

"Sasa hii nyingine wameitoa nini tumboni?" mama akauliza.

Wameitoa risasi. Betri ya kawaida ya sola huhifadhi umeme kwa sahani za madini ya risasi, na risasi ni nzito, huwezi kuikwepa. Betri ya kweli ya ampea-saa 100 huwa na kilo 27 hadi 32 hivi. (Za lithiamu ni habari nyingine. Zile zikiwa na kilo 11 au 12 ni sawa kabisa, na bei yake itakuambia yenyewe. Hii haikuwa ya lithiamu, ilijiita jeli, nayo jeli ni ya risasi vilevile.) Betri ya jeli yenye kilo 13 haiwezi kuwa ya 100. Ukiipa 40 umeihurumia.

Betri ile sikuinunua. Ililetwa na basi la usiku kutoka Kampala kama zawadi, baada ya muuzaji wake kuniandikia kwamba kila betri itakayouzwa kupitia linki kwenye tovuti yangu itanipa asilimia 15. Betri ikienda kwa laki nne, elfu sitini ni zangu, bila kupanda paa la mtu, bila kushika hata bisibisi. Na ilikuwa wiki ya kufungua shule.

Watu huniuliza karibu kila wiki: fundi, hiyo tovuti inalipaje? Wengine wamesikia kwamba ukifungua tovuti pesa inaingia yenyewe hata ukiwa umelala. Nimekuwa nikiwajibu nusu nusu kwenye simu. Leo nataka kueleza yote kwa utulivu, kwa sababu nimeona vijana wakipoteza akiba yao kwa kuuziwa "kozi ya kutajirika mtandaoni", na kwa sababu kazi hii, ikifanywa kwa haki, naiheshimu kama ninavyoiheshimu kazi ya kufunga sola.

Anayeijua West Nile, kanda yetu hii, ya miaka ile ataelewa kwa nini fundi sola aliishia kuandika. Sisi hatukuwa kwenye gridi ya taifa. Tulikuwa na bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5, na jenereta ya dizeli mjini. Umeme ulikuwa unakuja kama mgeni, hujui ataingia saa ngapi wala ataondoka lini. Kila mwenye saluni, kila mwenye duka la dawa, kila mwenye friji ya soda alikuwa anatafuta paneli. Mimi nilikuwa nafunga mchana, na usiku simu haikunyamaza. Maswali yalikuwa yaleyale kumi. Paneli ya wati 100 inaendesha nini? Kwa nini betri yangu imekufa baada ya miezi minane? Waya mwembamba una ubaya gani?

Nikachoka kujibu kitu kimoja mara ishirini. Nikaanza kuandika majibu kwenye daftari, kisha kwenye simu, kisha kijana mmoja wa intaneti kafe akanifungulia tovuti. Jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi kwa mwaka vilinigharimu chini ya bei ya kontrola nzuri ya kuchajia. Sikuwa nawaza pesa, nilichotaka ni kulala.

Niliandika kwa Kiswahili. Hapa Uganda bado kuna watu wanaokiona Kiswahili ni lugha ya kambini na ya mpakani, ingawa ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini Arua huhitaji katiba ikuambie. Mnubi anayeuza nguo, Mlugbara mwenye bodaboda, dereva wa lori la Juba, mama anayevuka kutoka soko la Ariwara upande wa Kongo: wakikutana wanne hao, lugha wanayoikuta katikati ni hii. Na kwa Kiingereza maelezo ya sola yalikuwa yamejaa tayari. Kwa Kiswahili, mtu aliyetaka kujua kwa nini betri yake inachemka hakuwa na pa kwenda.

Jambo nisilolitarajia: wasomaji wengi hawakuwa majirani zangu. Walikuwa Tanzania. Kigoma, Tabora, Sumbawanga. Halafu Kenya, halafu Bunia na Goma. Waganda walikuwa wa nne. Hilo lilibadilisha hesabu yote ya pesa, na ndilo wanaouza kozi hawalisemi.

Matangazo ya kwanza ya mabango kwenye tovuti yalionekana Marekani mwezi Oktoba 1994. Google walileta mpango wao wa matangazo, AdSense, mwaka 2003, na tangu hapo hata mtu mmoja mwenye tovuti ndogo anaweza kukodisha ukuta wake bila kumtafuta mtangazaji. Msomaji anapofungua ukurasa, kabla haujamaliza kutokea, unafanyika mnada. Wenye matangazo wanashindania nafasi ile moja, mbele ya macho yale mawili, na aliyetoa zaidi ndiye anayeonekana. Wewe unapata sehemu ya alichotoa. Google wanasema kwa kawaida mwenye tovuti hubaki na takriban asilimia 68.

Sasa fikiria mnada. Msomaji akiwa Chicago, wanaomgombea ni kampuni za bima, benki, mawakili. Msomaji akiwa Kigoma, wanaomgombea ni wachache, na mifuko yao ni midogo. Kazi yako ni ileile, usiku uliokesha ni uleule, lakini bei hupangwa na soko la huyo anayesoma. Nina rafiki hapa Uganda anayeandika kwa Kiingereza kuhusu safari za kuona gorila wa msitu wa Bwindi. Wasomaji wake wako Uingereza na Marekani, watu wanaojiandaa kulipa dola 800 kwa kibali cha siku moja. Wasomaji wake elfu moja wanamletea zaidi ya wasomaji wangu elfu kumi. Sioni wivu. Nayataja ili anayeanza leo ajue kwamba "wasomaji wengi" si jibu. Wasomaji gani, wako wapi, na wana shida gani siku hiyo?

Kuna na majira. Novemba na Desemba watangazaji hutoa fedha nyingi, Januari mifuko inakauka. Anayeona mapato yameanguka Januari asidhani tovuti imerogwa. Kwangu yanachanganyika na majira ya mvua, kwa kuwa mawingu yakitanda wiki nzima, taa za watu huzima saa mbili usiku na wasomaji wangu wanaongezeka.

Taratibu za kupokea pesa nazo zinahitaji subira. Salio lako la AdSense likifika dola 10, wanatuma barua ya karatasi yenye namba ya siri kuhakikisha anwani yako. Barua ya karatasi, kwa posta, Arua. Sisi hatuletewi barua mlangoni, na mimi sikuwa na sanduku. Nikaenda msikitini kumwomba mzee anayetunza ufunguo wa sanduku la jumuiya niandikishe lao. Akanitazama sana. "Pesa inayokuja kwa njia hii ni ya halali, mwanangu?" Nikakaa naye kwenye mkeka nikamweleza, kama ninavyoeleza hapa: mwenye bidhaa ananilipa kwa kuweka bango lake ukutani kwangu. Akasema, "Basi angalia bango linasema nini." Wiki ya tano akanipigia kwamba kuna bahasha ndogo yenye jina langu. Hayo maneno ya bango niliyaelewa baadaye, na niliyaelewa kwa uchungu.

Kutoka dola 10 mpaka dola 100, ambazo ndizo kiwango cha chini cha kulipwa, nilichukua miezi kumi na minne. Zikishafika, malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 za mwezi, yanaingia benki, na benki za njiani nazo zinakata chao. Mtu akikuambia utaishi kwa matangazo ya tovuti ya Kiswahili ndani ya miezi mitatu, linda mfuko wako.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapoteza akaunti moja, kwenye kampuni nyingine ya matangazo ambayo haina haja ya kutajwa, kwa kuwa kosa lilikuwa la upande wetu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anafanya bodaboda. Alisikia kwamba kaka yake analipwa watu wakibonyeza matangazo. Jioni moja akaja amejaa furaha: "Kaka, leo stejini tumekubonyezea mara mia mbili!" Alikuwa amewakusanya wenzake wote, kila mmoja na simu yake, wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga. Kwa ajili yangu. Walitumia bando zao wenyewe.

Sikuwa na moyo wa kumfokea. Nilimwuliza tu: ukipeleka abiria mpaka Koboko, ukifika akasema hakuwa na safari, alitaka kukusumbua tu, ungesemaje? Akanyamaza. Kila mbonyezo analipa mtangazaji, labda mtu mwenye duka dogo kama langu, akiamini kuna mteja upande wa pili. Kubonyeza bila nia ni kumwibia mtu usiyemjua. Na mitambo inaona: simu ishirini, mnara mmoja, saa moja, kila ukurasa unakaa sekunde mbili. Siku ya tatu akaunti ilifungwa, na dola 61 zilizokuwemo zikarudishwa kwa watangazaji. Nadhani ilikuwa haki zirudi. Tangu siku hiyo, mtu wa kwanza ninayemweleza kuhusu tovuti namwambia kitu hiki kabla ya kingine: usibonyeze tangazo lako, na usimruhusu anayekupenda akubonyezee.

Tulipitia na misukosuko ya nchi. Julai 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na wasomaji wangu wa Uganda, ambao wengi walinipata kwa linki za WhatsApp, wakapungua papo hapo. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Katikati yake, Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku tano. Siku hizo tano nilikaa kibandani bila kujua lolote. Iliporudi nikafungua takwimu nikakuta tovuti haikulala: Watanzania na Wakenya walikuwa wakisoma kama kawaida, kwa sababu mitambo inayoihifadhi iko nje. Jirani yangu aliyekuwa anauza viatu kwenye ukurasa wa Facebook hakuwa na bahati hiyo. Intaneti ilirudi, ukurasa wake haukurudi, kwa maana mtandao ule uliendelea kufungwa na wateja wake si watu wa kuhangaika na VPN, zile programu za kupenya mtandao uliofungwa. Miaka minne ya kazi yake ilikuwa kwenye kiwanja cha mtu. Ndiyo maana naendelea kuwaambia vijana walipie jina lao la tovuti, hata kama wasomaji watakuwa thelathini tu.

Upande wa pili wa pesa ni udalali, na hili Mswahili hahitaji kufundishwa. Dalali wa ng'ombe hana ng'ombe wala hana fedha ya kununua ng'ombe. Ana jina tu. Anajua nani anauza, nani anatafuta, na watu wakimwamini anapata chake pande zote mbili. Amazon walifungua mlango huo mtandaoni mwaka 1996. Unaweka linki, msomaji akibonyeza duka linaacha alama ndogo kwenye kivinjari chake, kidakuzi, kinachosema huyu kaletwa na fulani. Akinunua, fulani analipwa kamisheni. Kwa Amazon alama hiyo huishi saa 24 tu. Akinunua kesho kutwa, dalali hana chake, isipokuwa kama bidhaa alishaiweka kikapuni. Na mgeni asipoleta manunuzi matatu ndani ya siku 180, anaondolewa. Viwango navyo viko mikononi mwa mwenye duka. Aprili 2020 Amazon walishusha vifaa vya nyumbani na vya ujenzi kutoka asilimia 8 hadi 3. Watu waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya ile 8 waliamka wakiwa na chini ya nusu ya mshahara.

Mimi niliketi na kalamu kabla ya kujiunga. Msomaji wangu wa Tabora ataagiza betri ya kilo 30 kutoka Marekani? Hataagiza. Nikatazama Jumia, wapo Uganda, wapo Kenya, lakini Tanzania walifunga shughuli zao Novemba 2019, na nusu ya wasomaji wangu wako huko. Programu hizi ni nzuri kwa wasomaji ambao duka linawafikia. Wangu walikuwa nje ya ua.

Basi nikarudi kwenye udalali wa kale. Nikaenda kwa mwenye duka la sola hapa Arua, tajiri niliyekuwa nanunua kwake waya kwa miaka, nikamwambia: nitaandika kwenye tovuti kwamba paneli fulani nimezipima na zinapatikana kwako. Mteja akija na neno la siri, unaniandikia asilimia 4. Akakubali kabla chai haijapoa. Nikapata mwingine Kampala, kisha Mwanza, kisha mmoja Kigoma aliyenitafuta mwenyewe. Hakuna kidakuzi hapo wala saa 24. Kuna neno la siri, daftari, na pesa ya simu mwisho wa mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nililithibitisha kwa duka moja lililoniambia miezi mitatu mfululizo kwamba hakuna aliyekuja, wakati mimi nina ujumbe wa wateja kumi na mmoja wakinishukuru na kunitumia picha za risiti. Nilimpigia tajiri huyo, akacheka, akasema tutayaongea. Hatukuyaongea. Nikaondoa jina lake kwenye tovuti siku hiyohiyo. Sasa kila duka jipya namwomba mteja anitumie picha ya risiti, nami namrudishia bando la siku moja kwa usumbufu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walisema hivyo, na kwa sokoni ni kweli, kwa sababu sokoni unashika, unanusa, unagonga tikiti kwa kidole. Kwenye simu huwezi kugonga betri. Picha ya betri ya kilo 13 na ya kilo 30 ni ileile. Mtandaoni kizuri hakijiuzi hata kidogo, kinakaa kimya huku kibaya kikijitembeza kwa fedha nyingi kuliko chako. Anahitajika mtu wa kugonga kwa niaba ya asiyeweza kufika. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe ya dalali, na kamisheni ni ujira wa kidole chake.

Nilijifunza hilo kwa Mwalimu.

Mwalimu ni mstaafu, anaishi upande wa Maracha. Alikuja kibandani siku moja kwa bodaboda, paneli imefungwa nyuma yake kwa mpira wa tairi, ameishikilia kwa mkono mmoja njia nzima. Akaiweka chini taratibu. "Fundi, haiwashi hata redio na taa pamoja. Na imeandikwa wati 300."

Nilijua kabla ya kupima, lakini nikapima mbele yake ili naye aone. Sentimita 99 kwa 67. Hiyo ni theluthi mbili ya mita ya mraba. Jua kali la mchana linaleta takriban wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri inayouzwa madukani leo hugeuza kama asilimia 20 ya hizo, kidogo juu yake. Piga hesabu na Mwalimu, ambaye alifundisha hesabu: paneli ya ukubwa ule, ikiwa ni ya daraja la juu kabisa, haiwezi kufika hata wati 200. Nikaunganisha kipimo, jua liko katikati, ikatoa 84.

"Umeinunua wapi, Mwalimu?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si kwako?"

Akatoa simu, akanifungulia tovuti yangu. Makala yangu kuhusu kuchagua paneli, niliyoiandika kwa usiku tatu. Na katikati yake, chini ya aya ninayoonya watu dhidi ya paneli za uongo, lilikuwepo tangazo: wati 300, bei ya kutupa, piga namba hii. Wakati huo nilikuwa na mitandao miwili ya matangazo kwenye ukurasa mmoja, na lile lililetwa na ule mdogo. Nikamweleza Mwalimu kwamba hilo si neno langu, ni tangazo, linajiweka lenyewe kwa mnada, mimi hata silioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nitajuaje? Nyumba ni yako."

Nilikuwa nimelipwa, kwa mbonyezo ule wa Mwalimu, pengine shilingi mia moja.

Usiku ule niliutoa mtandao ule mdogo kabisa. Kwenye uliobaki nikaingia kwenye mipangilio, mahali ambapo sikuwahi kufika, nikaanza kuzuia: vifaa vya sola kutoka kwa watangazaji nisiowajua, mikopo ya haraka, kamari, dawa za miujiza. Inawezekana kumzuia mtangazaji mmoja mmoja na inawezekana kufunga aina nzima ya matangazo. Wengi hawajui au hawataki kujua kwa sababu kila unachofunga kinapunguza wagombea kwenye mnada. Yangu yalipungua. Nikapunguza na idadi ya matangazo kwa ukurasa, nikayatoa katikati ya maelezo ya hatari kama ya kuunganisha nyaya. Juu ya kila moja nikaandika "Matangazo". Kanuni hazikuruhusu kuandika zaidi ya hapo. Maelezo marefu nikayaweka mwisho wa kila makala, kwa maneno ambayo Mwalimu aliyasoma kwanza akayarekebisha: kwamba visanduku hivyo si ushauri wa fundi, na kwamba duka nililolitaja kwa jina hunipa kamisheni ya kiasi fulani mtu akinunua. Nimeandika na kiasi chenyewe. Marekani sheria inamdai dalali aseme. Sisi hatukusubiri sheria, Mwalimu alitosha. Na sijaona mteja aliyekimbia kwa kujua kwamba nalipwa asilimia 4. Wengi huandika, "Sawa fundi, na wewe ule."

Kwa hiyo betri ya zawadi ilipofika na ahadi yake ya asilimia 15, mizani nilishaanza kuazima. Nilipiga picha mishale yote miwili, 13 na 30, nikaziba majina ya betri, nikaandika makala: namna ya kujua betri ya uongo kwa mizani ya sokoni. Betri nikairudisha kwa basi lilelile. Muuzaji akaniandikia tena, akapandisha mpaka 20. Sikumjibu vibaya. Nilimwambia anitumie betri ya kilo 30 na asilimia 4, nami nitaiandika kwa furaha. Bado nasubiri.

Karo ya muhula ule niliilipa kwa kukopa kwa tajiri wa waya.

Makala ile ya mizani ndiyo inayosomwa kuliko zote mpaka leo. Watu wananitumia picha za mizani zao: ya samaki kutoka Kigoma, ya kahawa kutoka Bukoba, ya dhahabu hata, ambayo haikuweza. Na maduka yanayonilipa kwa neno la siri yalianza kuniletea zaidi ya matangazo. Mwezi wa kawaida sasa kamisheni ni kama mara nne ya matangazo, na zote pamoja hazifiki ninachopata nikiwa juu ya paa. Sijaacha bisibisi. Anayeacha kazi yake ili aandike kuhusu kazi hiyo, baada ya mwaka hana jipya la kuandika.

Mwaka 2024 laini ya gridi ya taifa ilitufikia, kupitia Gulu na Nebbi mpaka Arua. Nilifurahi kama kila mtu. Nimeona mashine za kusaga zikinguruma mchana kutwa. Watu walidhani sola imekufa na mimi pamoja nayo. Maswali yamebadilika tu: sasa wanauliza namna ya kuunganisha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, na umeme wa mstari, na vijiji ambavyo nguzo hazijafika bado ni vingi. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba injini za utafutaji zimeanza kumjibu mtu palepale juu, kwa muhtasari ulioandikwa na mashine, kabla hajafungua tovuti ya mtu yeyote. Asipofungua, hakuna tangazo wala neno la siri. Nimeona takwimu zikishuka kwa maswali mepesi, yale ya "paneli ya wati 100 inaendesha nini". Maswali mazito hayajashuka. Mtu mwenye betri inayochemka bado anataka kumwona aliyeshika betri.

Mwezi uliopita Mwalimu alirudi. Alikuwa ameweka akiba, akasoma makala, akaenda dukani kwa neno la siri, akanunua betri, na badala ya kuipeleka nyumbani akaipitisha kwangu kwanza. Sikumwambia afanye hivyo. Tukaibeba pamoja mpaka kwa mama wa maharagwe, ambaye sasa akiniona tu huondoa gunia kwenye ndoano. Kamba ya katani, mara mbili kwa urefu, mara moja kwa upana. Mshale ukachezacheza, ukasimama kwenye 29.

Mwalimu akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akausogelea uso wa mizani.

"Itundike tena," akasema.

Nikaishusha, nikaitundika tena.